Historia iliyo nyuma ya Biblia: anza na Hezekia na Senakeribu (mwongozo kamili, hatua kwa hatua)

Kuna kipindi nilikuwa nafundisha darasa la kipaimara, tuko kwenye 2 Wafalme 19, pale malaika anapopita kambini usiku na kufika asubuhi ni maiti 185,000, dogo mmoja wa nyuma kabisa akanyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, na Waashuru wenyewe walisemaje?" Nikamjibu chapchap kwamba hao hawakuandika chochote, tuendelee. Kumbe nimemdanganya mtoto wa watu. Waliandika, tena kwa majigambo kweli kweli, na walichoandika kipo mpaka leo unaweza kukiona kwenye simu yako ukiwa umelala kitandani.

Tangu hapo nikaanza kujifunza haya mambo taratibu, na nimekosea sana njiani, sasa nataka nikupe njia ambayo ingeniokolea miaka kama miwili hivi. Wengi tunaanzia pabaya. Mtu anadaunlodi pidiefu 40 usiku mmoja, anaanza Mwanzo 1, akifika kwenye nasaba kachoka, kaacha. Usianze na Biblia nzima, chukua tukio moja tu, ulichimbe mpaka maji yatoke, alafu njia hiyohiyo utaitumia kwingine kokote. Mimi nakupa 2 Wafalme 18 hadi 20, vita ya mfalme Hezekia wa Yuda na Senakeribu wa Ashuru, kwasababu hapa una bahati ambayo ni nadra: pande zote mbili zimeacha maandishi, na ardhi nayo imeacha ushahidi wake.

Mahitaji ni machache. Daftari (la karatasi, niamini), Biblia mbili za tafsiri tofauti, mfano ile ya Union ya 1952 ambayo wengi tumekua nayo pamoja na Habari Njema, ramani zile za nyuma ya Biblia ambazo huwa hatuzifungui, na simu yenye bando la kawaida.

Hatua ya 1: soma mara tatu, andika usichokielewa

Kabla hujagusa maelezo ya mtu yeyote soma sura zote tatu, mara tatu, siku tofauti. Mara ya kwanza soma kama stori. Mara ya pili shika kalamu uandike kila kitu cha kawaida ambacho hukijui, na hapo kwenye "cha kawaida" ndo penyewe, yaani pesa, maji, barabara, chakula, vyeo, lugha. Watu wengi wanakimbilia maswali makubwa ya imani wakati hawajui hata talanta ni uzito gani.

Ukurasa wangu ulikuwa hivi: Lakishi ni wapi? Talanta 300 ni kiasi gani? Kwanini wajumbe wa Ashuru wamesimama kwenye mfereji wa birika, karibu na uwanja wa dobi (18:17), si wangeenda tu getini? Kwanini maofisa wa Hezekia wanaomba waongee Kiaramu (18:26)? Na yule mjumbe, kwanini anatoa tusi la watu kula mavi na kunywa mikojo yao (18:27), ni hasira tu au ana maana yake?

Hilo la mwisho nilikuwa naliruka nikisoma mbele ya watu, nadhani hata wewe. Lishike, tutalirudia.

Hatua ya 2: chora mstari wa wakati

Miaka ya KK inahesabika kurudi nyuma, 722 inatangulia 701, usicheke maana nimeona watu wazima wanagombana hapo. Chora mstari kwenye daftari uweke hii:

722 KK: Samaria, mji mkuu wa Israeli ya kaskazini, inaanguka kwa Ashuru
705 KK: Sargoni wa Pili, mfalme wa Ashuru, anauawa vitani, mwanae Senakeribu anarithi
701 KK: Senakeribu anaingia Yuda
681 KK: Senakeribu anauawa na wanawe (19:37)
612 KK: Ninawi yenyewe, mji mkuu wa Ashuru, inaanguka
586 KK: Yerusalemu inaangushwa, ila na Babeli, Ashuru keshapotea

Sasa angalia 705. Mfalme mkubwa wa dunia ya wakati ule kafia vitani na mwili wake haukupatikana, kwao hiyo ilikuwa aibu na nuksi mbaya. Kila mfalme mdogo aliyekuwa analipa kodi akaona huu ndo muda. Ukisoma 18:7 kwamba Hezekia alimwasi mfalme wa Ashuru, hakuamka tu asubuhi akaamua, eneo zima lilikuwa linatokota.

Mstari huu unakusaidia kuona kitu kingine ambacho mi kilinishtua. Sura ya 20 Hezekia anawaonyesha wageni kutoka Babeli hazina yake yote, fedha, dhahabu, manukato, silaha. Haya, rudi 18:15-16, ameshatoa fedha yote na kubandua dhahabu ya milango ya hekalu ampe Senakeribu. Sasa Wababeli alikuwa anawaonyesha nini, makabati matupu? Ndo maana wachambuzi wengi wanaona mambo ya sura ya 20 yalitangulia vita, na 20:6 yenyewe inasema Mungu atauokoa mji mikononi mwa mfalme wa Ashuru, yaani vita bado. Alafu yule mfalme wa Babeli aliyetuma wageni, Merodaki-Baladani, alikuwa adui wa Ashuru siku nyingi na kufikia 701 alishang'olewa kwenye kiti. Kwahiyo ile ziara ya kumpa pole Hezekia aliyekuwa mgonjwa ilikuwa na siasa ndani yake. Mwandishi wa Wafalme hakupanga kwa tarehe, alipanga kwa maana aliyoitaka, na utaliona hilo sehemu nyingi za Biblia ukishazoea.

Nikuonye na hii pia ili usije ukavunjika moyo: 18:10 inasema Samaria ilianguka mwaka wa 6 wa Hezekia, 18:13 inasema Senakeribu alikuja mwaka wa 14. Tofauti ni miaka 8. Lakini 722 mpaka 701 ni miaka 21. Hesabu hazikai, wataalamu wanabishana mpaka leo, wengine wanasema Hezekia alitawala kwanza pamoja na baba yake, wengine wanasema namba ilikosewa kwenye kunakili. Andika "haijakaa" kwenye daftari uendelee na safari.

Hatua ya 3: ramani, kwa mkono wako

Usitazame tu, chora. Ninawi iko ilipo Mosul, Iraki ya leo. Jeshi halikati jangwa, linazunguka kupitia Siria linashuka pwani ya Mediterania. Yerusalemu iko juu milimani. Lakishi iko kama kilomita 40 kusini magharibi, kwenye vilima vya chini kati ya milima na uwanda wa pwani, na ndo mji wa pili kwa ukubwa Yuda. Ukishachora unaona mwenyewe: anayekamata Lakishi anakata njia ya msaada kutoka Misri, na Hezekia anabaki kule juu peke yake.

Weka pia Kushi. Tirhaka mfalme wa Kushi anatajwa 19:9, na Kushi ni Sudani ya kaskazini. Watu wa huko ndo walikuwa wanatawala Misri wakati ule, na piramidi ya Tirhaka ipo Nuri, Sudani, mpaka leo. Ukweli ni kwamba mwaka 701 alikuwa bado hajawa mfalme, alikuja kutawala 690 KK, kwahiyo mwandishi anamtaja kwa cheo alichokuja kuwa nacho baadae, kama sisi tunavosema "Rais fulani alizaliwa kijiji fulani", hakuzaliwa akiwa rais.

Hatua ya 4: linganisha ndani ya Biblia kwanza

Habari hii ipo mara tatu: 2 Wafalme 18-20, Isaya 36-39, na 2 Nyakati 32. Fungua zote, pitia mstari kwa mstari, chochote kilichopo huku na kule hakipo weka alama. Ni kazi ya jioni mbili, inachosha, ila usiiruke.

Utakuta Isaya imefanana sana na Wafalme isipokuwa imekosa 18:14-16, pale Hezekia anaposema "nimekosa" na kulipa. Nyakati nayo haigusi malipo hayo, yenyewe inakuambia habari za kuziba chemchemi na kujenga kuta. Kila mwandishi kachagua. Jiulize alikuwa anaandikia nani na alitaka waone nini.

Ongeza na Mika 1, watu wanaisahau. Mika alitoka Moreshethi, jirani na Lakishi, na kwenye ile sura anataja miji ya kwao mmoja mmoja kama mtu anayetaja majirani zake msibani, alafu mwisho anawaambia akina mama wanyoe vichwa maana watoto wao wamechukuliwa.

Hatua ya 5: sikiliza upande wa pili

Hapa ndo jibu la yule dogo. Senakeribu aliandikisha habari za vita vyake kwenye vigogo vya udongo wa kuchoma vyenye pande sita, urefu kama sentimita 38, mwandiko wa kabari, lugha ya Kiakadi. Kimoja kilipatikana Ninawi mwaka 1830 na kipo British Museum London, vingine viko Chicago na Yerusalemu. Picha na tafsiri zake ni bure mtandaoni, kwa Kiingereza, kama Kiingereza kinakupa shida kaa na mtu mkasome pamoja.

Anasema Hezekia Myahudi hakuinamia nira yake, akazingira miji yake 46 yenye maboma akaiteka, akatoa watu 200,150, na Hezekia mwenyewe akamfungia Yerusalemu kama ndege kwenye tundu. Alafu anataja ushuru aliopokea: talanta 30 za dhahabu na 800 za fedha.

Fungua 2 Wafalme 18:14. Talanta 30 za dhahabu na 300 za fedha. Dhahabu imegonga vilevile! Fedha imepishana. Pengine Senakeribu kavimbisha, pengine alihesabu na vitu vingine vya fedha ambavyo Biblia haikuvihesabu, sijaona jibu la kunitosheleza. Ila talanta ni kilo 30 na kitu, kwahiyo hata hiyo 300 ni zaidi ya tani 9 za fedha, jaza fuso.

Sasa namna ya kusoma maandishi ya wafalme: ni watu wa kujisifu, hawaandiki walipopigwa. Soma walichosema, alafu soma walichonyamazia. Senakeribu anajisifu kwa miji 46, ila Yerusalemu anasema tu alimfungia ndege, hasemi popote kwamba alimtoa tunduni. Mtu wa aina yake angekuwa ameuteka mji mkuu angetuambia mpaka rangi ya mapazia. Kuhusu malaika hana neno. Kigogo hiki hakithibitishi muujiza na wala hakiukanushi, kinathibitisha vita, mfalme, kodi, na mji kutotekwa. Usikipe kazi ambayo hakiiwezi, maana naona watu wanapost "sayansi imethibitisha", hapana, tulia.

Hatua ya 6: tazama vitu vyenyewe

Kwenye jumba la Senakeribu Ninawi kulikuwa na chumba kizima kimezungushiwa mawe ya kuchongwa yanayoonyesha Lakishi ikitekwa. Yalifukuliwa na Layard, Mwingereza mchimbaji wa mambo ya kale, miaka ya 1840, sasa yapo British Museum pia. Kuza picha uangalie polepole. Utaona tuta la kupandishia mashine za kubomolea ukuta, mienge inarushwa kutoka juu, wanaume waliotundikwa kwenye miti iliyochongwa ncha, na pembeni mkokoteni wa ng'ombe umebeba mizigo, juu yake wamekaa wanawake na watoto wanatoka na walichoweza kubeba. Mimi nilipofika hapo nikarudi kusoma ile Mika 1 tena, nikaiacha nikaenda kunywa maji.

Lile tuta bado lipo Lakishi kwenyewe, la mawe, unalipanda kwa miguu. Linganisha na 19:32, Yerusalemu inaahidiwa kwamba Senakeribu hatajenga tuta juu yake. Aliyesikia maneno yale mwaka 701 alijua vizuri tuta linamaanisha nini.

Alafu maji. Chemchemi ya Gihoni, ya Yerusalemu, iko chini ya mteremko, pabaya kiulinzi, kwahiyo kilichimbwa handaki la mita 533 ndani ya mwamba kuleta maji mpaka birika la Siloamu (20:20). Walichimba timu mbili kutoka ncha mbili wakakutana katikati, na mwaka 1880 vijana waliokuwa wanacheza kwenye maji waliona maandishi ukutani yanayosimulia jinsi zilivyobaki dhiraa tatu wakasikia sauti ya mwenzao upande wa pili. Maandishi hayo yako Istanbul kwasababu enzi hizo ni Waturuki waliotawala. Hayataji jina la mfalme, ila wengi wanakubaliana ni handaki la Hezekia.

Haya sasa rudi kwenye swali letu la mikojo. Mjumbe kasimama wapi? Kwenye mfereji wa maji. Anawaambia nini waliokaa ukutani? Mtakunywa mikojo yenu. Na 18:31 anawaahidi nini wakijisalimisha? Kila mtu atakunywa maji ya kisima chake. Hotuba nzima ni ya kiu! Jamaa kachagua sehemu ya kusimama makusudi, na ameongea Kiyahudi makusudi ili raia wamsikie, wakati maofisa wanambembeleza atumie Kiaramu ambayo ilikuwa lugha ya kibalozi. Na lile jina Rabshake kwenye baadhi ya Biblia ni cheo, sio jina lake.

Hatua ya 7: tumia Kiswahili chako, kina mtaji

Hapa tuna faida ambayo hatuijui. Kiebrania na Kiarabu ni ndugu, na Kiswahili kimekopa sana Kiarabu. Lakishi yamepatikana mamia ya masikio ya mitungi yaliyopigwa mhuri wa herufi l-m-l-k, maana yake "ya mfalme", mitungi ya serikali. Hizo m-l-k ndo zilezile za malkia, mamlaka na kumiliki. Beth ya Bethlehemu ni nyumba, ndugu ya neno lililotupa ubeti wa shairi. Kafara na Yom Kippur, ile Siku ya Upatanisho ya Wayahudi, ni mzizi mmoja.

Na saa! Wenye kusoma Kiingereza inabidi waelezwe kwamba saa sita ya Yohana 4:6 ni mchana, sisi tunaelewa bila kuambiwa maana tunahesabu toka jua linapochomoza kama wao. Wale vibarua wa saa kumi na moja kwenye Mathayo 20 hatuhitaji maelezo, tunajua jua liko wapi saa hiyo na boss wa namna hiyo angekuwa gumzo.

Ila mtaji huu una mtego. Ukiona jambo linafanana na mila ya kwenu, mfano Ruthu na Boazi ukaona kama kurithi mjane, usifunge kitabu ukasema nimeelewa. Soma Kumbukumbu la Torati 25 uone tofauti, Boazi hata hakuwa shemeji yake wa tumbo moja.

Hatua ya 8: chuja za kuambiwa

Nilishawahi kufundisha kwamba lile "tundu la sindano" alilotaja Yesu lilikuwa geti dogo la Yerusalemu ambalo ngamia anapita akipigishwa magoti. Tamu sana, watu wakaitikia amina. Mzee mmoja baada ya ibada akanifuata taratibu, mwanangu, hilo geti lilikuwa upande gani wa mji? Sikuwa na jibu kwasababu geti halijawahi kupatikana, ni maelezo ya karne nyingi baada ya Yesu. Sindano ni sindano, ndo maana wanafunzi walishangaa. Ile ya kuhani mkuu kufungwa kamba mguuni akiingia patakatifu pa patakatifu ni hivohivo, haimo kwenye Biblia wala kwa waandishi wa zama zile.

Kwahiyo ukisikia kitu kitamu uliza matatu: nani wa kwanza kukisema, aliishi miaka mingapi baada ya tukio, na kuna kitu cha kushika au kusoma? Kikikosa yote kiandike kwenye ukurasa wa "nimeambiwa". Wangu una karatasi nne sasa.

Muda na pa kwenda baadae

Ukitenga lisaa limoja, jioni mbili kwa wiki, hili la Hezekia linakuchukua kama wiki sita. Hatua ya 1 na ya 4 ndo zinakula muda, usizibane. Mkiwa wawili watatu kwenye jumuiya gawaneni, mmoja ramani, mmoja kile kigogo, mmoja Nyakati.

Ukimaliza nenda Ufunuo 3:14-22, Laodikia, Uturuki ya leo. Swali lako la kuanzia liwe maji tena, maana jirani zao Hierapoli walikuwa na chemchemi za moto, Kolosai walikuwa na maji baridi, na Laodikia wao yanawafikia kwa mabomba ya mawe. Alafu ongeza tetemeko la mwaka 60 BK, mji ukajijenga upya kwa pesa zake bila kuomba msaada Roma, uisome 3:17 na hilo kichwani.